Mradi wa watoto unafunga kazi: tutajuaje kama umesaidia?

"Daktari, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, sasa ni mjumbe wa kamati ya afya ya zahanati katika kata moja ya pwani wilayani Mkinga, mkoani Tanga. Kwa miaka mitatu tumekuwa na mradi wa afya ya msingi kwa watoto chini ya miaka mitano. Wahudumu wa afya ya jamii wanapita nyumba kwa nyumba, kuna huduma za mkoba za chanjo, wahudumu wa zahanati wamepata mafunzo, na watoto wanapimwa lishe kwa utepe. Mradi unaisha Juni. Ripoti yao inasema Penta 3, yaani dozi ya tatu ya chanjo ya pentavalenti, imefika asilimia 118, wagonjwa wa malaria wamepungua kwa nusu, na vifo vya watoto katika kata vimeshuka kutoka 21 hadi 12 kwa mwaka. Halmashauri inataka maoni yetu kama iendelee kulipa posho za wahudumu kwa mapato yake yenyewe. Shida ni kwamba mwezi uliopita tumezika watoto wawili wa nyumba moja katika kitongoji cha wavuvi, na kina mama wa huko wanasema mradi huo wanausikia tu. Mwenyekiti wetu anasema takwimu hazidanganyi. Mimi nilifundisha Kiswahili na jiografia, takwimu siijui. Je, watu wa kawaida kama sisi tunaweza kupima mradi wa namna hii, au tuwaachie wataalamu?"

Shikamoo Mwalimu. Poleni sana kwa msiba. Watoto wawili nyumba moja ni jambo zito, na nitalirudia huko chini, kwa sababu hilo halipaswi kusubiri tathmini yoyote.

Barua yako ina maswali mawili yaliyofungwa kwa kamba moja. La kwanza ni kama ripoti ni ya kweli. La pili ni kama mradi umewasaidia watoto wenu. Watu wengi, wakiwemo wenzangu wenye shahada zao ukutani, hudhani ukishajibu la kwanza na la pili limejijibu. Ripoti inaweza kuwa kweli tupu mstari kwa mstari na bado isikuambie kama kuna mtoto hata mmoja aliyepona kwa sababu ya mradi. Vilevile kina mama wa kitongoji cha wavuvi wanaweza kuwa wakweli kwamba hawajauona, huku mradi huohuo umewafaa watoto wa vijiji vya barabarani. Kwa hiyo usimwite mwenyekiti mwongo, wala usikubali kina mama waitwe wazushi. Tuzichukue namba zenyewe, moja moja.

Asilimia 118 ya Penta 3 ndiyo rahisi. Haiwezekani kuchanja watoto 118 kati ya 100, hilo hata mwanafunzi wako wa darasa la nne angelishangaa. Lakini usikimbilie kusema wamepika data. Asilimia hupatikana kwa kugawanya: juu wanaandika watoto waliochomwa sindano ya tatu, chini wanaandika watoto waliotarajiwa kuwepo. Namba ya juu inatoka kwenye daftari la watoto la MTUHA, ule mfumo wa taarifa za vituo vya afya, na mara nyingi haiko mbali na ukweli. Namba ya chini haikuhesabiwa na mtu. Ni makadirio yanayotoka kwenye sensa, yakaongezwa kila mwaka kwa kiwango kilekile. Kata yenu ikipokea wageni, kijiji kipya kikiota kando ya forodha, makadirio yanabaki nyuma. Tena ninyi mko mpakani na Kenya. Mama anayeishi ng'ambo ya Jasini, ikiwa zahanati yenu iko karibu kuliko ya kwao, atakuja kwenu. Mtoto wake ataingia juu ya mstari wala hayumo chini yake. Kwa hiyo 118 inaniambia jambo moja tu, kwamba hatujui kuna watoto wangapi katika kata. Inaweza kuficha kijiji chenye asilimia 95 na kitongoji chenye asilimia 40 kwa wakati mmoja.

Kuna njia ya kuisaidia namba hiyo bila kujua idadi ya watoto. Chukueni daftari lilelile, hesabuni waliopata Penta 1 na waliofika Penta 3. Ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na wiki sita, ya tatu akiwa na wiki kumi na nne. Kama walianza 100 wakamaliza 93, wahudumu wanawafuatilia watoto wao. Kama walianza 100 wakamaliza 70, kuna watoto 30 ambao mama zao walikuja mara moja au mbili, kisha kitu kikawakatisha tamaa, na hicho kitu ni cha kutafutwa. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja, kwa kalamu na rula. Lakini kumbuka, yule ambaye hakuja hata mara moja hayumo katika hesabu hii pia.

Malaria kupungua kwa nusu ndiyo namba ninayoiogopa zaidi, na hapa nitakaa kidogo.

Daftari la wagonjwa haliandiki malaria iliyoko kijijini. Linaandika watoto walioletwa zahanati na wakaambiwa wana malaria. Hapo pana mambo mawili: kuletwa na kuambiwa. Nianze na kuambiwa. Zamani homa yoyote ya mtoto pwani hii ilikuwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na mara nyingi haikuthibitishwa. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika hospitali kumi za mikoa ya Kilimanjaro na Tanga. Watafiti waliwachukua wagonjwa waliolazwa wakiambiwa wana malaria kali, wakarudia kuchunguza damu yao kwa makini. Waliokutwa na vimelea walikuwa chini ya nusu. Hao wengine walikuwa wagonjwa kweli, ila wengi walikuwa na kitu kingine, na wapo waliofariki huku wakitibiwa ugonjwa wasiokuwa nao. Kipimo cha haraka cha malaria kilipoenea katika zahanati, wagonjwa "wa malaria" walipungua kwenye madaftari hata pale ambapo mbu hakupungua hata mmoja. Waulizeni watu wa mradi: kabla hawajaja, zahanati ilikuwa inapima kila homa, au ilikuwa inakisia? Kama mafunzo yao ndiyo yaliyoleta desturi ya kupima, wamefanya kazi nzuri sana na wanastahili kusifiwa. Lakini sifa hiyo ni ya kutambua ugonjwa. Malaria yenyewe inaweza kuwa palepale.

Sasa kuletwa. Mtoto akiwa na homa na zahanati haina dawa mseto ya malaria, habari inafika kijijini kabla ya magharibi. Mama wa pili hapotezi nauli ya bodaboda, anakwenda duka la dawa. Miezi miwili ya rafu tupu itakuletea "kupungua" kwa malaria kuzuri kuliko mradi wowote. Kwa hiyo waulizeni pia siku ambazo dawa na vipimo havikuwepo. Leja ya dawa inaonyesha, na Mganga Mfawidhi hawezi kuwanyima kuiona, ninyi ndio kamati yake.

Halafu kuna mvua, na hapa wewe ndiye mtaalamu, Mwalimu. Mradi ukianza kupima mara baada ya masika makubwa na kumaliza kupima baada ya vuli hafifu, malaria itashuka tu. Linganisheni Juni na Juni, msilinganishe Juni na Februari. Namba ninayoiamini zaidi ya hesabu ya wagonjwa ni hii: kati ya watoto mia waliopimwa, wangapi walikuwa na vimelea? Hiyo haiyumbi sana kwa sababu ya rafu tupu. Ikishuka kwa miezi ileile ya mwaka, mfululizo kwa miaka mitatu, nitaanza kusikiliza.

Tuje kwenye vifo: 21 mpaka 12. Namba hii inagusa moyo na ndiyo inayowekwa kwenye jalada la ripoti. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 43 hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Tuseme kata yenu ina vizazi kama 400 kwa mwaka. Kwa kiwango cha nchi mngetarajia vifo kama 17. Ila kifo hakifuati ratiba. Hata kama hakuna chochote kilichobadilika, mwaka mmoja mtapata 11 na mwaka mwingine 23, kwa bahati tupu, kama shilingi inavyoweza kuangukia kichwa mara saba kati ya kumi. Kwa hiyo tofauti ya 21 na 12 inaweza kuwa mradi, na inaweza kuwa bahati. Kata moja ni ndogo mno kuamua. Mkiona mradi wa kata moja unadai umepunguza vifo, jueni mwandishi ama hajui hesabu hii ama anaijua na ana mfadhili wa kumridhisha. Na hesabu hiyo haiendi upande mmoja tu. Mwakani vikifika 20, msikubali mtu aseme mradi umeshindwa.

Ulizeni pia nani alihesabu vifo hivyo, na kama mwaka wa kwanza na wa tatu walihesabu kwa njia ileile. Kichanga aliyefariki nyumbani siku ya tatu, akazikwa kimyakimya kabla hajapewa jina, ni rahisi sana kusahauliwa.

Tuseme sasa namba zote zimethibitika. Bado kuna swali gumu kuliko yote, nalo ni ingekuwaje bila mradi. Mwaka 2004-05 vifo vya watoto chini ya miaka mitano nchini vilikuwa 112 kwa kila 1,000. Utafiti wa 2015-16 ulikuta 67, na wa 2022 ukakuta 43. Nchi nzima inateremka mlima. Vyandarua vyenye dawa viligawiwa, dawa mseto ilichukua nafasi ya SP, dawa ya malaria ya zamani, pentavalenti ikaanza 2009, chanjo za nimonia na rota (kirusi cha kuharisha) zikafuata kama miaka mitatu baadaye. Mradi wowote ulioingia kata yoyote miaka hii ulikuta mteremko tayari. Kuteremka pamoja na wenzako si ushahidi kwamba wewe ndiye uliyesukuma.

Njia ya kawaida ya kupambana na hilo ni kutafuta jirani. Mfano bora ninaoufahamu uko hapahapa nchini. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini zilianza mkakati wa kumtibu mtoto kwa ujumla wake, ule ambao wahudumu wengi wanauita IMCI. Mama akileta mtoto mwenye homa, mhudumu anaangalia pia kupumua, kuharisha, lishe na kadi ya chanjo, haishii kwenye homa tu. Watafiti wakachukua Kilombero na Ulanga, ambazo zilikuwa hazijaanza, wakazilinganisha. Hawakusubiri vifo peke yake. Walikaa ndani ya vyumba vya matibabu wakitazama kama kweli watoto wanapimwa na kutibiwa inavyotakiwa, wakahesabu gharama, wakapita nyumbani. Matokeo yalichapishwa 2004. Watoto walihudumiwa vizuri zaidi katika wilaya za IMCI, gharama kwa mtoto haikuzidi ya kule kwingine, na vifo vilikuwa pungufu kwa asilimia 13. Sasa tazama uungwana wao: waliandika wazi kwamba kwa hesabu za bahati, ukweli ungeweza kuwa popote kati ya kupungua kwa asilimia 30 na kuongezeka kwa asilimia 7. Wilaya nne nzima, miaka kadhaa, wataalamu wa kutosha, na bado hawakuthubutu kuapa. Nikikumbuka hilo, ripoti ya kata moja inayoapa hunifanya nitabasamu.

Hapo utaniuliza: basi tukae kimya? Hapana, Mwalimu. Jibu la swali lako ni ndiyo, mnaweza kupima mradi huu, ila msipime vifo. Pimeni hatua zinazomfikisha mtoto kwenye uzima.

Fikiria mtoto mwenye nimonia. Mama atambue kwamba kupumua huku si mafua. Aamue kwenda, na awe na ruhusa na nauli. Akute zahanati iko wazi na mhudumu yupo. Mhudumu ahesabu pumzi za mtoto na kugundua. Dawa iwepo na mtoto aimalize. Hatua tano. Tuseme kila hatua inafanikiwa kwa watoto 80 kati ya 100, jambo ambalo kila idara ingelijivunia. Katika watoto 100 waliougua, hatua ya kwanza wanabaki 80, ya pili 64, ya tatu 51, ya nne 41, ya tano 33. Watoto 67 wamepotelea njiani na hakuna mtu hata mmoja aliyefanya vibaya sana. Ndiyo maana mradi unaweza kutoa mafunzo mazuri zahanati, hatua ya nne ikapanda mpaka 95, na kijijini pasionekane tofauti, kwa kuwa watoto wa wavuvi walishapotelea hatua ya pili. Kazi ya kamati ni kujua kamba inakatikia wapi, na katika kitongoji kipi.

Mna njia tatu, kila moja na bei yake.

Ya kwanza ni kupitia madaftari na kukaa zahanati siku mbili mkitazama. Haina gharama, ila inawaonyesha waliokuja tu. Anzeni nayo, msiishie hapo.

Ya tatu, naitaja kabla ya ya pili ili tuiondoe njiani, ni kuleta mtathmini wa nje. Atafanya kazi safi zaidi yenu, lakini kwa uamuzi wa posho za wahudumu wa kata moja naona ni kununua jahazi kwa ajili ya kuvuka mkondo. Halmashauri ikitaka kueneza mradi wilaya nzima, hapo mdai mtathmini, tena aingie kabla mradi haujaanza kule kwingine, maana bila kipimo cha mwanzo hata bingwa atakuja kukisia.

Ya pili ndiyo ninayowashauri: sampuli ndogo ya nyumba. Kuna utaratibu wa zamani wa kutathmini chanjo, unaochukua makundi 30 na watoto saba kila kundi, jumla 210; ni mzuri, lakini kwenu ni mzigo. Kuna mwingine mwepesi, wa watoto 19 kwa kila eneo. Kama kata yenu ina vijiji vinne, mnatafuta watoto 19 wenye umri wa miezi 12 hadi 23 katika kila kijiji. Mkiwa na lengo la asilimia 80, kijiji ambacho watoto 13 au zaidi kati ya 19 wamekamilisha chanjo, kihesabuni kimepita. Wakiwa 12 au pungufu, kijiji hicho kina tatizo. Namba hii haitakuambia kama kijiji kina asilimia 74 au 83. Itakuambia pa kwenda kwanza, na hilo ndilo mnalohitaji. Mkijumlisha vijiji vyote vinne, watoto 76, mtapata picha ya kata yenye kosa la takriban asilimia 10 juu au chini. Kitongoji cha wavuvi kichukueni kama eneo la peke yake hata kama ni sehemu ya kijiji, mpate 19 wao. Wasipofika 19, wachukueni wote waliopo.

Watoto wachaguliwe kwa kura kutoka orodha ya kaya, si nyumba zilizo karibu na barabara, wala zile ambazo mhudumu wa jamii anawapeleka. Na muulizaji asiwe mhudumu huyohuyo, kwa sababu mnajua adabu yetu. Mgeni akiuliza "huduma mnaionaje?" ataambiwa nzuri, alhamdulillahi, hata kama paa linavuja. Sijapata kujifunza lolote kutokana na swali la kuridhika. Ulizeni yaliyotokea: mara ya mwisho mwanao kuugua ilikuwa lini? Ulifanya nini kwanza? Kisha? Ulikwenda wapi, ulikaa muda gani, ulitoka na nini mkononi? Mhudumu wa jamii alikuja lini mara ya mwisho? Naomba kadi ya kliniki niitazame. Kadi ikiwepo, nakilini tarehe. Isipokuwepo, andikeni kwamba haipo, msijaze kwa kumbukumbu ya mama mkaiita kadi. Na mtumie maneno ya nyumbani. Ukiuliza "dalili za hatari" utajibiwa kimya. Ukiuliza degedege, utasikia habari ndefu: alipelekwa kwanza kwa nani, alifukizwa nini, na saa ngapi zilipita kabla ya kufika zahanati. Masaa hayo ndiyo hatua ya pili ya kamba yetu.

Nikuambie kosa langu mwenyewe, usije ukalirudia. Miaka mingi iliyopita niliongoza sampuli kama hii katika kijiji kimoja cha pwani ya mkoa wetu. Tulipata chanjo ya surua zaidi ya asilimia 90, tukapongezana, nikaandika ripoti nzuri yenye michoro ya rangi. Miezi michache baadaye surua ikazuka, na karibu watoto wote walioumwa walikuwa wa familia zilizokuwa dago wakati tulipopita. Wavuvi wanapohamia kambi za dago, wengine huchukua mke na watoto, wakakaa huko wiki kadhaa. Tulipokuta nyumba zimefungwa, tulifanya walivyofanya wote: tukaruka kwenda nyumba ya jirani. Kila nyumba tuliyoiruka ilikuwa na jibu tulilolihitaji kuliko la jirani yake. Tangu siku hiyo, ripoti ikifika mezani kwangu kitu cha kwanza kutafuta ni nyumba ngapi zilikutwa zimefungwa na zilirudiwa mara ngapi. Kama hakuna mstari huo, naiweka pembeni ninywe chai kwanza.

Ndiyo maana maneno ya kina mama wenu nayachukulia kwa uzito. Mwaka 2000 Cesar Victora wa Brazil na wenzake walieleza jambo ambalo limeonekana tena na tena: huduma mpya ya afya huwafikia kwanza wale waliokuwa na nafuu, na pengo kati yao na maskini hupanuka kabla ya kupungua. Halitokei kwa ubaya wa mtu. Mhudumu ana baiskeli moja na siku moja, ataanza panapofikika. Lakini mtoto anayekaribia kufa mara nyingi ni wa pale pasipofikika. Mradi ukiongeza chanjo kutoka 85 hadi 95 katika vijiji vya barabarani na kuacha kitongoji cha wavuvi kilivyo, wastani wa kata unapanda na hatari inabaki palepale ilipokuwa.

Kuhusu uamuzi wa halmashauri, nitakupa maoni yangu kabla hamjapima, na mkipata matokeo tofauti mniache. Msijibu kwa ndiyo au hapana ya mradi mzima. Miradi ya namna hii ni furushi. Ndani yake kuna semina za hotelini, fulana, magari, na kuna ziara za nyumbani, huduma za mkoba na usimamizi wa zahanati. Ningekuwa mjumbe ningepigania posho za wahudumu wa jamii, kwa sharti kwamba ratiba yao ianzie kitongoji cha mbali na kumalizia barabarani. Ningepigania mafuta ya pikipiki ya huduma za mkoba. Semina ningeziacha ziondoke na waliozileta. Na ningeuliza mapema, kwa maandishi, friji ya chanjo ikiharibika baada ya Juni ni nani atakayeitengeneza.

Yapo yasiyo ya kamati. Msichukue damu ya mtoto, msipime kitu ambacho hamna cha kufanya kikionekana. Mkikuta mtoto ambaye utepe wa mkono unasoma chini ya sentimita 11.5, tathmini inasimama hapohapo na mtoto anapelekwa kituoni siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na haamki vizuri. Kabla ya kuanza, mjulisheni Mganga Mkuu wa Wilaya na watendaji wa vijiji kwa barua. Hii ni kamati kukagua huduma yake, lakini mkitaka kuigeuza utafiti wa kuchapisha, hapo vinahitajika vibali vya maadili. Kituo cha Amani cha taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa kiko Muheza, si mbali na ninyi, wataweza kuwaelekeza. Mtu wa takwimu wa wilaya mwombeni akae nanyi nusu siku mkipanga kura. Hilo linamfaa zaidi kuliko kuletewa karatasi zilizokwisha kujazwa.

Sasa wale watoto wawili. Vifo viwili havipimi mradi, lakini watoto wawili wa nyumba moja ndani ya mwezi mmoja ni taarifa ya kupelekwa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya wiki hii, kwa mdomo na kwa maandishi. Inawezekana ni surua, maji, chakula, au maradhi mawili yaliyokutana kwa bahati mbaya. Anayepaswa kuchunguza ni timu yake. Ulizeni tu kama kuna watoto wengine wanaoumwa nyumba za jirani, na mkiambiwa wapo, msisubiri barua, pigeni simu. Maswali ya jinsi walivyofariki yaachieni waliofunzwa kuyauliza. Kwa mama yao nenda wewe na mwanamke mwenzako mmoja wa kamati, mkatoe mkono wa pole, bila daftari.

Na hizo sampuli, pangeni siku kwa kutazama mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa huwa nyumbani wanashona nyavu. Anzeni na kitongoji chao siku hizo, saa za jioni. Nyumba mtakazozikuta zimefungwa hata hapo, andikeni jina la mwenye nyumba na dago alilokwenda, kisha mtafute chombo cha kuwapeleka huko.